Kokoto Kumi na Nne

Kabula wa Ntalikwa anauza michembe. Ukipita asubuhi utamkuta kando ya barabara ya vumbi, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mbele yake mafungu mawili: huku viazi vilivyokatwa vikakaushwa vibichi, kule matobolwa yaliyochemshwa kwanza. Kopo la kupimia liko katikati. Hapunguzi bei, haongezi nyongeza, na ukimbembeleza anatazama pembeni. Wateja wa mjini wamempa jina la Mama Kiburi. Analijua na hajawahi kuwagombeza.

Kiburi hana. Alikuwa anangoja mtu mmoja afe, na alikuwa amemngoja miaka ishirini na sita. Kazi hiyo haiachi nafasi ya kuchekacheka na wateja. Wengine walidhani ni ujane, wengine walisema ni kukosa mtoto, na kila mmoja alikuwa na dawa ya kumshauri. Aliwasikiliza wote, akawapimia michembe yao, wakaenda zao.

Watu wa Tabora tunapenda kujisifu kwa njia ya zamani ya misafara. Mgeni akija tutamwonyesha matembe na milango ya kuchonga, tutamwambia babu zetu walibeba pembe za ndovu hadi pwani wakarudi na shanga na nguo za marekani. Walioanguka hatumwambii habari zao. Mpagazi akiugua, mzigo wake uligawiwa wenzake, yeye akalazwa kando ya njia na kibuyu cha maji, na msafara ukaendelea. Pwani hawakuuliza amebaki wapi, mradi pembe zilitimia.

Hapo ndipo walipoanzia Wafunika. Walikuwa watu wachache, wanaume kwa wanawake, wa nyumba zilizotawanyika njia nzima, na hakuna aliyejua ni akina nani ila wao wenyewe. Walifuata nyuma ya msafara siku mbili tatu, na kila waliyemkuta amekufa walimfunga marekani wakamfukia. Masharti yao yalikuwa manne. Usimwache aliyeachwa. Usiulize jina lake, akiwa hai au maiti, kwa sababu jina lina ukoo, ukoo una ugomvi, na ukishaujua ugomvi mkono utasita. Okota kokoto moja njiani kwa ajili yake, uitie mfukoni. Na ukiulizwa kokoto hizo ni nini, unaweza kunyamaza, lakini usiwakane. Kila kokoto mpya ikiingia, zote zinamwagwa na kupakwa mafuta ya nyonyo kwa pamoja, za juzi na za enzi za mababu, ili waliomo wasibaguane. Kutia alama ni mwiko.

Misafara iliisha na reli ikaja, lakini njia haikukosa watu wa kuachwa. Kulikuwa na wendawazimu, na vibarua wa tumbaku waliofia mashambani mbali na kwao, na wageni ambao hakuna aliyejua walikotoka. Wafunika waliendelea, tena kwa siri kubwa zaidi, maana nani angekubali kukaa jirani na mtu anayeshughulika na maiti zisizo zake? Kabula aliyakuta hayo alipoolewa na Sayi katika kijiji cha Igalanjo, upande wa Nzega. Siku ya saba ya ndoa mume wake alimwonyesha mfuko aliorithi kwa babu yake, wenye kokoto sitini na moja, akamwambia, "Hawa ni wageni wetu. Usiwaogope." Hakuwaogopa. Alimpenda Sayi, na aliona kazi ile ni ya heshima.

Mwaka wa tisini na saba, kabla ya mvua zile kubwa, ukame ulichoma mashamba ya Igalanjo na surua ikachukua watoto kumi na mmoja kwa mwezi mmoja. Kijiji kikachangishana, kikamwita rambaramba. Hao ndio waganga wanaozunguka vijijini kufichua wachawi, wanaimba, wanacheza, wananusa nyumba moja baada ya nyingine. Aliyekuja aliitwa Mayala. Alikuwa amejipaka unga uso mzima kiasi kwamba hata waliomlisha hawakumjua sura, lakini sauti yake ilikuwa nzito, tamu, sauti ya kufanya watu waache jembe waje kusikiliza.

Kabula hakumwona. Mchana ule alikuwa ameingia ndani ya kihenge kukwangua uwele wa mwisho uliobaki chini, akasikia watu wakijaa uani, akachutama humo humo. Akasikia mfuko ukimwagwa juu ya ungo.

"Hizi ni nini?" ile sauti iliuliza.

Sayi alinyamaza. Akaulizwa mara ya pili, akanyamaza. Mara ya tatu ile sauti ikasema kwa upole kabisa, "Ni mawe tu, siyo? Sema ni mawe tu, tuondoke."

Kabula alimwomba moyoni aseme. Angesema neno hilo moja wangeondoka, yeye aliamini hivyo na anaamini mpaka leo.

"Ni watu," Sayi alisema.

"Wangapi?"

"Sitini na mmoja."

"Majina yao?"

"Hatuulizi majina."

Umati uliguna. Ile sauti ikacheka, kicheko kizuri cha mtu aliyezoea kusikilizwa, ikasema, "Mmesikia wenyewe. Sikumlazimisha." Kisha ikaanza kuimba. Mifuko mingine miwili ilikutwa siku hiyo katika nyumba nyingine mbili. Watu tisa waliingizwa ndani ya bani la kukaushia tumbaku, Sayi na mama yake wakiwamo, mlango ukafungwa kwa nje. Na yale mengine hata Kabula hasimulii. Kokoto zilitupwa bwawani.

Kesi ilikuwapo, usiseme haikuwapo. Kabula alisimama akaulizwa, "Ulimwona?" Akajibu, "Nilimsikia." Akaulizwa tena, "Ulimwona au hukumwona?" Watu wa Igalanjo wote walikuwa hawajui kitu, siku hiyo kila mmoja alikuwa kwa shangazi yake. Kesi ikafia hapo, na Mayala hakujulikana aliko.

Wafunika waliobaki walikuwa watatu. Mmoja ni Kabula. Wa pili Mahona, mdogo wake Sayi, ambaye siku ile alikuwa porini kwenye mizinga. Wa tatu Nurdini, fundi cherehani wa Gongoni pale mjini, ambaye kwao kazi ya kukata sanda za marekani ilirithiwa kutoka kwa babu wa babu. Nurdini ndiye aliyempa Kabula kipande cha shamba Ntalikwa, akamshonea na mfuko mpya. Kabula akaenda kwenye njia ya zamani inayopita nyuma ya mashamba, akaokota kokoto tisa nyekundu za ukubwa mmoja. Akazipaka mafuta. Mwiko wa kutia alama aliushika, lakini moja iliyorefuka kidogo aliiita Sayi kimoyomoyo. Aliijua kwa vidole tu, bila kuitazama, na kila jioni kabla ya kujifunika aliitoa akaigusisha midomoni.

Mahona alitaka damu. Alikuwa kijana wa miaka ishirini, ameshika panga, analia mbele ya cherehani ya Nurdini. Fundi alimwacha alie mpaka akachoka, ndipo akamwambia, "Ukimuua, wanawe watamzika, watamsomea, watamlilia. Wallahi hapo utakuwa umempa sherehe. Sisi tunajua jambo baya kuliko hilo."

Mahona alielewa na Kabula alielewa. Waliapa palepale wote watatu. Mayala ataachwa njiani kama mpagazi mgonjwa, na atakapoanguka hakuna Mfunika atakayemfunika. Fisi atamfunika, jua litamfunika. Huo ndio uliokuwa utajiri wote wa Kabula. Kila mwezi wa kumi, siku ya Igalanjo, walikutana dukani kwa Nurdini wakala pamoja, wakaapa upya.

Katika miaka hiyo Kabula alifunika watu wanne. Utingo wa lori lililopinduka. Kichanga kilichookotwa jalalani. Mwanamke mgeni ambaye watu walisema huenda katoka Ulyankulu, lakini hakuna aliyejitokeza. Na mwehu mmoja wa stendi. Usidhani alikuwa mtakatifu. Alifanya hivyo kwa sababu kumwacha maiti ni kitu alichokuwa amemwekea Mayala peke yake, na hakutaka kukitumia kwa mtu mwingine. Kokoto zikawa kumi na tatu.

Mahona alihamia Usoke, akafanya vibarua vya tumbaku, akawa na kazi ya pili ambayo hakulipwa. Alimtafuta Mayala kwa kuulizia jina na sifa ya sauti yake, na baada ya miaka mingi akampata, amezeeka, ana wake na watoto, anaitwa mzee wa heshima. Mahona hakumgusa. Alikwenda kwa majirani akawaambia habari za Igalanjo. Familia ikahama. Akawafuata, akasema tena. Wakahama tena. Watoto wa kiume wakaanza kuchokwa na watu, na wao wakaanza kumchoka baba.

Mwaka juzi, mwezi wa nane, mzee mmoja alitokea Ntalikwa. Hakuna aliyemwona akifika. Asubuhi tu alikutwa ndani ya kibanda kilichoachwa na muuza mkaa, hatua ishirini kutoka ndoo ya Kabula, na begi la bluu lililochanika zipu. Kiharusi kilikuwa kimempitia upande mzima: mkono umening'inia, mguu unaburuzwa, mdomo umepinda, na sauti haikutoka ila "ba, ba". Watoto wakamwita Babu Bubu. Alikuwa ananuka.

Kabula alimpelekea uji. Hakumuuliza jina. Hata angemuuliza asingejibiwa, lakini angeweza kufungua lile begi kutafuta karatasi, au kuwaomba watu watangaze msikitini na kanisani. Hakufanya, maana mzee alikuwa ameachwa njiani na sharti la aliyeachwa linajulikana. Alimloweshea matobolwa mpaka yakalainika, akamlisha kwa vidole. Siku za jua kali alimwosha mgongo. Mwezi wa tisa wanawake wa mtaani walianza kumtania, "Mama Kiburi kapata mchumba," naye kwa mara ya kwanza akawajibu kwa utani, akasema, "Huyu hajibizani nami, nyie wa kwenu mnajibizana nao." Ukweli ni kwamba alikuwa amemzoea mzee yule. Kuna raha fulani ya kumlisha mtu asiyeweza kukudanganya.

Ilipofika siku ya Igalanjo, Kabula alifunga safari ya Gongoni na mfuko wake chini ya kitenge. Akapitia kwa mzee kumpa uji. Alipoinama, mfuko ukamponyoka, kokoto mbili tatu zikamwagika kwenye mkeka. Mzee alizitazama. Akanyoosha mkono wake mzima, akaigusa moja, akainua macho kwa Kabula, na machozi yakaanza kumtoka. Mabega yakamtikisika. Mdomo ule uliopinda haukuonyesha kama analia au anacheka. Kabula akamfuta uso, akasema, "Tulia, mzee. Ni watu tu, hawana neno." Akazikusanya akaenda zake.

Dukani kwa Nurdini alimkuta Mahona amefika kwa treni ya asubuhi, anang'aa usoni.

"Shemeji, kaa chini," Mahona alisema. "Mayala katupwa."

"Katupwa vipi?"

"Wanawe wamemtoa tangu mwezi wa saba. Begi mkononi, nenda unakokwenda. Hajulikani alipo. Yuko njiani, shemeji. Yuko njiani kama tulivyoapa."

Kabula alicheka. Nurdini, aliyemjua miaka yote hiyo, hakuwahi kumsikia akicheka hivyo, akaacha cherehani akaja kumtazama. Walikula wali na nyama ya mbuzi, wakarudia kiapo chao, na walipomaliza bado sufuria ilikuwa na kitu. Kabula akaomba afungiwe. Alirudi Ntalikwa kungali kweupe, akaketi kibandani, akamlisha mzee wake wali wa sherehe tonge kwa tonge, akimpigia soga jinsi siku ilivyokuwa njema.

Mzee alikufa mwezi wa kumi na mbili, mvua ya kwanza ilipotulia. Polisi walikuja, wakafungua begi, wakakuta shati na sabuni, wakaandika mzee asiyefahamika. Mwenyekiti wa mtaa akatoa vijana wa kuchimba. Kabula alikwenda Gongoni kuchukua marekani, na Nurdini akapima, akakata, hakuuliza ni ya nani, ndivyo wao walivyo. Kabula alimwosha, akamfunga, akamwambia maneno yanayosemwa: "Mzigo umetua. Njia ilikuacha, sisi hatukukuacha." Alimlilia kidogo. Kisha akaenda kwenye njia ya zamani akaokota kokoto ya kumi na nne, akazimwaga zote, akazipaka mafuta ya nyonyo mpaka zikang'aa sawasawa.

Mwezi wa tatu alikuja mwanamke wa miaka thelathini hivi, viatu mkononi kwa sababu ya matope, akauliza watu, akaelekezwa kwa Kabula. Akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Inuka, chini kumelowa."

"Siinuki, mama. Mimi naitwa Julieth, natoka Usoke. Nimeambiwa kulikuwa na mzee hapa, ana begi la bluu, kapooza. Nimeambiwa wewe ndiye uliyemlisha na ndiye uliyemfunika." Alikuwa analia vizuri, kwa heshima, bila makelele. "Hata jina lake hukulijua. Mungu akulipe, mama."

Kabula alimwinua, akampeleka kaburini, akamwacha alie haja yake. Aliona moyo wake umetulia. Katika watu wote aliowafunika huyu ndiye wa kwanza kupata wa kumlilia, na alifurahi kwa ajili ya mzee wake. Waliporudi kwenye ndoo Julieth alifuta kamasi, akatoa simu.

"Hukumwona baba alivyokuwa, mama. Wewe ulimkuta ameisha. Hapa ni siku ya kuniaga, kabla ya ndoa yangu. Ngoja nikusikilizishe."

Kwenye kioo kidogo kilichopasuka mzee mwenye kanzu nyeupe alisimama katikati ya watu, akafungua mdomo, akaimba. Ilikuwa sauti nzito, tamu. Alipomaliza watu walipiga vigelegele, naye akacheka.

Kabula alishika ukingo wa ndoo. Alikuwa tena ndani ya kihenge, magoti kifuani, uwele ukimchoma miguuni.

"Aliitwa nani?" aliuliza. Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake ya Ufunika kuuliza.

"Mayala, mama. Zamani alikuwa mganga wa kuzunguka. Nilikuwa mdogo bado." Julieth aliizima simu. "Kulikuwa na mtu anatufuata. Tukihama na yeye yuko nyuma, anawaambia majirani eti baba alichoma watu. Mume wangu akaniacha kwa maneno hayo. Kaka zangu wakaogopa, wakamtoa. Mimi nilikuwa mbali, nilipofika nikaambiwa ameshaondoka."

"Na alichoma?"

"Sijui, mama. Nilimuuliza siku moja. Aliniambia, wenyewe walisema. Basi. Mimi alikuwa akiniimbia. Mwishoni alilia? Maana nilitaka kujua kama alilia."

Kabula alimtazama yule binti aliyeachwa na mume, miguu imejaa matope, na akaona maneno yake yote ya miaka ishirini na sita yamesimama tayari kooni. Yalikuwa haki yake. Angeyasema, Julieth angeondoka nayo Usoke, na hapo kisasi kingekuwa kimepata pa kukaa.

"Mdomo ulikuwa umepinda," alisema. "Sikuweza kujua."

Julieth alimwachia kilo mbili za sukari na khanga mpya, akambusu mkono wa kulia, mkono ule ule uliomwosha baba yake. Kabula alibaki amekaa. Wateja walikuja wakamkuta hapimi wala hajibu, wakaenda kununua kwingine.

Ijumaa alikwenda Gongoni. Mahona alikuwa ameitwa kwa simu. Kabula aliwaeleza kuanzia kibanda hadi simu ya Julieth, hakuficha uji wala wali wa sherehe wala machozi yake mwenyewe. Nurdini aliweka mkono juu ya jora la marekani, akasema taratibu, "Mimi ndiye niliyekata."

Mahona alisimama. "Mimi nimemtoa kwake. Nimemfuata miaka, nimekosa mke kwa ajili yake, nimemtoa mpaka njiani. Na wewe ukamwokota."

"Sikuuliza, shemeji. Hatuulizi."

"Ungeuliza mara moja. Mara moja tu. Yule bwana alijua pa kuja kufia. Alikuja kwa wajinga wasiouliza."

"Huenda hakujua," Nurdini alisema.

"Alishika kokoto," Kabula alisema. "Alijua."

Nje wauza mitumba walikuwa wanaita wateja. Mahona akautazama mfuko mapajani mwa shemeji yake.

"Basi mtoe humo. Hilo tu. Kaburini tumwache, lakini humo asikae na kaka yangu. Toa yake, nikaitupe chooni."

Kabula alizimwaga juu ya meza ya cherehani. Zilikuwa kumi na nne, nyekundu, za ukubwa mmoja, zimetoka njia moja, zimepakwa mafuta siku moja kwa mkono mmoja. Alizitandaza. Alizigeuza. Alitafuta yenye vumbi, hakuna. Alitafuta yenye ncha kali, akapata tatu. Ndipo akafumba macho akatafuta ile moja anayoijua kwa vidole, ili walau aiondoe Sayi salama pembeni. Akaishika. Akaiweka. Akashika nyingine, nayo ilikuwa imerefuka kidogo, inakaa kwenye kidole vilevile. Akarudi kwenye ya kwanza. Akarudi kwenye ya pili.

"Ipi?" Mahona aliuliza.

"Sijui."

"Basi tupa zote."

"Kaka yako yumo," Nurdini alisema. "Mama yako yumo."

"Na yeye yumo!" Mahona alipiga meza, kokoto zikaruka. Akazikumba kwa viganja viwili, akageukia mlango, na Kabula akamshika mikono yote miwili. Walivutana hapo kama watoto wanaogombea karanga, watu wazima wenye mvi. "Hizi sasa unazishikilia ni nini?" Mahona alimfokea usoni. "Niambie, shemeji. Ni mawe tu. Sema ni mawe tu, niondoke nazo."

Kabula alitaka kusema. Alifungua mdomo aseme.

"Ni watu," alisema.

Mahona aliachia. Zilianguka moja moja chini ya cherehani. Alichukua kofia yake akaenda stesheni, na mwezi wa kumi hakuja, na simu yake haipatikani. Nurdini aliinama kwa shida akamsaidia Kabula kuokota mpaka zikatimia kumi na nne.

Bado anauza michembe. Kibanda cha mkaa kimeanguka. Hangoji mtu tena, na waliomjua wanasema afadhali alipokuwa anangoja, kwani angalau alikuwa akiamka mapema. Mfuko umetundikwa msumarini juu ya kitanda. Alihesabu mara moja tu, akaacha: tangu Desemba mpaka yule binti alipokuja ni jioni tisini na kitu, na kila jioni aliitoa moja akaigusisha midomoni, akaiita mume wangu. Siku hizi haitoi yoyote.